Kupiga Picha Mji Mdogo wa Trim, Kando ya Mto Boyne

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya Mkutano wa Wanafunzi wa Zamani, katika ukumbi wa shule, baada ya chakula cha mchana.)



Katibu wa Chama aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya masomo ya ng'ambo na faida zake. Nilimwomba ruhusa nibadilishe. Faida za masomo ya ng'ambo mmekwisha kuzisikia katika mikutano mingi, na wengi wenu mnazo wenyewe. Nimependa badala yake nizungumze juu ya mji mmoja mdogo wa Ayalandi uitwao Trim, na kazi niliyokuwa nikiifanya huko siku za Jumamosi, yaani kupiga picha. Nina neno moja tu la kusema juu ya kazi hiyo, nalo nitalisema sasa hivi ili atakayesinzia asilikose: anayepiga picha mji mdogo asiimalize filamu yake kwenye majengo makubwa. Majengo makubwa hayana haraka. Kinachoondoka ni kile kilicho pembeni mwake.

Kwanza mahali penyewe. Trim uko katika kaunti ya Meath, kaskazini-magharibi ya Dublin, mwendo wa kilometa 50 hivi. Nilikuwa Dublin mwaka mmoja kwa masomo ya utawala, na basi la asubuhi lilinifikisha Trim kwa saa moja na ushei. Kwa Kigaeli, lugha ya asili ya nchi ile, mji unaitwa Baile Átha Troim, maana yake mji wa kivuko penye miti ya elda. Elda ni mti mdogo wenye maua meupe. Na neno kivuko hapa si la pantoni. Ni mahali pa maji haba ambapo mtu huvuka kwa miguu pamoja na ng'ombe wake. Basi kivuko ndicho kilichouzaa mji, na ngome ikajengwa ili anayeishika akishike kivuko. Nalitaja hili mapema kwa sababu wageni wote huanza na ngome, kumbe ngome ilikuja baadaye.

Mto wenyewe ni Boyne. Si mto mkubwa. Urefu wake ni kilometa 112 tu, na mtu aliyeuona Rufiji atauita kijito. Lakini una historia nzito kuliko maji yake. Chini zaidi ya Trim, kwenye ukingo wa mto huo huo, kuna kaburi la mawe la Newgrange, lililojengwa kiasi cha mwaka 3200 kabla ya Kristo, maana yake kabla ya piramidi za Giza. Mwaka 1690 wafalme wawili, James wa Pili na William wa Tatu, walipigana kwenye mto huo, na matokeo ya vita vile bado yanagawa watu katika kisiwa kile. Mto unaingia baharini karibu na mji wa Drogheda, ambako Masista wa Medical Missionaries of Mary walijenga makao yao; wale waliofanya kazi katika hospitali ya Makiungu kule Singida wametokea huko. Yaliyobaki nawaachia walimu wa historia.

Sasa ngome. Mwaka 1172 Mfalme Henry wa Pili wa Uingereza alimpa bwana mmoja, Hugh de Lacy, nchi yote ya Meath aitawale. De Lacy akajenga kwanza boma la miti na udongo, likachomwa moto. Ndipo yeye, na baada yake mwanawe Walter, wakajenga la mawe kwa muda wa miaka kama 30. Ni ngome kubwa kuliko zote walizojenga Wanormani katika Ayalandi. Jengo la kati lina umbo la msalaba, na ukizihesabu pande zake ni 20. Uchimbaji wa mambo ya kale uliofanyika mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulifukua mifupa ya watu 10 waliozikwa bila vichwa. Serikali iliinunua ngome mwaka 1993, na tangu mwaka 2000 wageni wanaingia kwa tiketi. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1994, walikuja watu wa sinema wakapigia hapo filamu ya Braveheart, na ngome hii ya Ayalandi ikajifanya kuwa mji wa York wa Uingereza. Wenyeji hawakukasirika hata kidogo. Wanaijivunia filamu ile mpaka leo.

Picha ya ngome inayopigwa na kila mtu ni ile ya kutoka ng'ambo ya mto, kuta zikiwa juu na sura yake ikiwa chini ndani ya maji. Nami niliipiga. Inataka asubuhi isiyo na upepo, na huko asubuhi isiyo na upepo ni bahati kama kupata kiti kwenye daladala saa moja. Ni picha nzuri, imejaa katika kadi za posta, na ukiiweka ya kwangu karibu na ya duka hutaona tofauti. Sikuona haja ya kuipiga mara ya tatu.

Lakini sikilizeni jambo lililotokea kando ya ngome hiyo. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kiwanja. Katikati ya miaka ya 2000 pakajengwa hoteli kubwa inayotazamana na kuta, na ubishi ulikuwa mkali. Wengine walisema mji unahitaji wageni na vijana wanahitaji kazi. Wengine wakasema ngome ya miaka 800 iachiwe nafasi yake ya kupumua. Mimi simo katika kesi hiyo, na hoteli imekwisha kusimama. Ninachosema ni hiki: ngome imepigwa picha maelfu kwa maelfu, na karibu wote walioipiga walisimama wakikipa mgongo kile kiwanja. Leo mtu akitaka kujua barabara ile ilivyokuwa, jinsi jua la jioni lilivyofika ukutani bila kuzuiwa, atapekua picha nyingi za ngome asipate jibu. Atapata kuta tu, na kuta bado zipo, anaweza kwenda kuzitazama mwenyewe.

Twende kwenye mnara. Ng'ambo ya mto kutoka kwenye ngome, juu ya kilima kidogo, umesimama mnara unaoitwa Mnara wa Manjano. Ulikuwa mnara wa kengele wa abasia ya Mtakatifu Maria, nyumba ya Waaugustino, nao ni wa karne ya 14. Una urefu wa meta 40. Nimesema mnara, lakini hasa ni ukuta mmoja mzima na vipande vya kuta mbili. Upande mwingine hakuna kitu. Inasemwa ulilipuliwa mwaka 1649, wakati wa vita vya Cromwell. Ukitazamwa kutoka upande mmoja ni jengo kamili lenye madirisha. Ukizunguka unaona ni kama kitabu kilichobaki jalada.

Jina la Manjano limetokana na rangi ya mawe jua linapokuchwa, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu mpiga picha aliyezaliwa kwetu akifika kule inambidi ajifunze jua upya. Huku kwetu jua hupanda wima kama mtu aliyechelewa kazini. Saa mbili asubuhi mwanga umekwisha kuwa mkali, saa sita mtu anakanyaga kivuli chake mwenyewe, na picha zote za mchana zina nyuso nyeusi chini ya paji. Trim iko nyuzi 53 na nusu kaskazini ya Ikweta. Mwezi Desemba jua la adhuhuri hupanda nyuzi 13 tu, na mwezi Juni nyuzi 60. Vijana wa Kidato cha Tatu, chukueni kalamu: mnara una meta 40, jua liko nyuzi 13, kivuli kina urefu gani? Ni meta 173. Kivuli cha mnara mmoja kinakwenda mbali sana. Mwezi Juni, kwa jua la nyuzi 60, kivuli hicho hicho ni meta 23.

Maana yake kwa kamera ni kwamba wakati wa baridi mwanga ule tunaouita wa dhahabu, ambao kwetu ni wa nusu saa, unakaa kutwa nzima. Bahati mbaya kutwa yenyewe ni fupi. Jua linachomoza saa tatu kasoro dakika ishirini na saa kumi na dakika chache alasiri limekwisha kuzama. Mwezi Juni ni kinyume: jua huchomoza saa kumi na moja alfajiri na kuzama saa nne kasoro dakika chache za usiku, na mimi nilikuwa nakimbizana na basi la mwisho huku mnara ndio kwanza unaanza kuwa wa manjano. Zaidi ya hayo kuna mawingu. Siku nyingi mbingu ni nyeupe kama shuka na mawe ni ya kijivu. Kamera ikizisoma mbingu itaufanya mnara kuwa mkaa. Dawa yake ni kuipimia kamera kwenye majani ya ardhini, kisha kuinua na kupiga. Na ukiuelekezea kamera juu mnara mrefu hivi, utaonekana unaanguka nyuma. Rudi nyuma, shuka malishoni, nenda mbali mpaka uweze kuupata mzima kamera ikiwa imesimama sawasawa.

Jirani kabisa na mnara kuna nyumba ya mawe iitwayo ngome ya Talbot, nayo nilipiga picha nyingi kuliko zote za mjini, kwa sababu iliwahi kuwa shule. Padri wa Kianglikana Jonathan Swift, yule aliyetunga kitabu ambacho wazee wetu hapa walikisoma kwa Kiswahili kama Safari za Gulliver, alikuwa na parokia Laracor, mwendo mfupi kutoka Trim, na mierebi aliyoipanda kando ya maji huko aliitaja sana katika barua zake. Nyumba hii ya Talbot nayo aliwahi kuimiliki. Karne moja baadaye ilikuwa shule, na mwalimu wake, James Hamilton, aliletewa mpwa wake mwenye umri wa miaka mitatu amlee na kumfundisha. Mtoto huyo alikuwa William Rowan Hamilton, aliyezaliwa Dublin mwaka 1805. Akakulia hapo, kati ya mnara na mto, mpaka alipokwenda chuo kikuu.

Tarehe 16 Oktoba 1843, Hamilton akiwa mtu mzima na mashuhuri, alikuwa akitembea na mkewe kwenye njia ya kando ya mfereji, akielekea mkutanoni Dublin. Hesabu iliyomsumbua miaka mingi ikamfungukia ghafla pale pale njiani. Akatoa kisu akaichora kwenye jiwe la daraja. Zilikuwa namba za aina mpya, zenye sehemu nne, za kueleza jinsi kitu kinavyogeuka angani. Mchoro wa kisu umefutika, lakini kibao kipo, na kila mwaka tarehe hiyo wapenda hesabu huifuata njia ile kwa miguu. Namba zile leo zinaongoza vyombo vya angani, na zimo ndani ya simu pia, zikiiambia imeelekezwa wapi na imegeuzwaje. Najua ninyi vijana simu hamruhusiwi bwenini. Nawaambia tu ili siku mtakapozishika mjue mna deni kwa mwanafunzi wa shule ya Trim.

Kuna pia nguzo ya Duke wa Wellington, ya mwaka 1817. Ni nguzo. Nilipiga picha moja.

Sasa njia. Chini ya ngome kuna daraja dogo la watembea kwa miguu. Ukivuka unapita karibu na Lango la Kondoo, lango pekee lililobaki la ukuta wa mji wa zamani, kisha unaingia katika malisho mapana yaitwayo Porchfields, mto ukiwa kuliani kwako. Njia inafuata mto mpaka Newtown, mwendo wa nusu saa kwa mtu asiye na kamera. Mimi ulinichukua saa tatu. Kuna matete, kuna batamaji weupe, kuna korongo anayesimama kwenye maji kama askari wa zamu. Mwezi Mei vichaka vya miiba vinachanua maua meupe mpaka unadhani theluji imerudi. Kuna vilango vidogo vya kona ambavyo mtu hupita na ng'ombe hawezi. Na kuna watu: mama na kigari cha mtoto, wazee na mbwa, wavulana wa shule wanaokwepa somo. Kila mmoja anakusalimu, na salamu yao ni habari ya hewa. Nilijifunza upesi kwamba ukijibu "nzuri" na kupita umekosa adabu. Inapasa nawe useme lako juu ya mvua, kama kwetu mtu anavyouliza habari za nyumbani, za watoto na za shamba kabla hajasema kilichomleta. Nikishamaliza habari za mvua, sikukataliwa picha hata mara moja.

Siku moja mzee mvuvi aliniuliza kwa nini nampiga picha mtu wa kawaida na ukingo wenye matope, na ngome iko kule. Nikamjibu kuwa ngome ninayo tayari. Akacheka, akaweka ufito wake chini, akaanza kunieleza mto alioujua akiwa kijana.

Kisa chenyewe kinajulikana. Kati ya mwaka 1969 na 1986 serikali iliuchimba mto Boyne na matawi yake, ili mashamba yasizame wakati wa mvua. Mashine zilitoa changarawe na mawe ya chini, zikaongeza kina, zikalundika udongo kwenye kingo. Wakulima walipata ardhi kavu. Lakini samoni na trauti hutaga mayai katika changarawe ya maji haba, na changarawe ile ndiyo iliyoondolewa. Wavuvi waliumia, na baada ya hapo ikabidi kazi ifanyike ya kurudisha mawe na changarawe mtoni. Mzee alinionyesha kwa kidole mahali ambapo, kwa maneno yake, ng'ombe walikuwa wakivuka na maji hayafiki tumboni. Mimi niliona maji meusi yaliyotulia, yenye kina. Nikamwuliza kama ana picha ya zamani ya mahali pale. Alisema anazo picha tele za siku zile, za harusi, za mnara, za ngome. Ya mto hana. Nani angepiga picha ya changarawe?

Tafakarini hapo. Mji wenye jina la kivuko, na kivuko kinakumbukwa na mzee mmoja mwenye ndoana.

Mwisho wa njia ni Newtown. Mwaka 1206 askofu Simon de Rochfort alianzisha hapo kanisa kuu la Petro na Paulo, ambalo lilikuwa miongoni mwa makanisa makubwa kabisa ya Ayalandi. Sasa ni magofu katikati ya makaburi. Kuna kaburi moja la mwishoni mwa karne ya 16, la jaji Sir Lucas Dillon na mkewe Jane Bathe. Wamechongwa wamelala chali bega kwa bega, na kati yao umewekwa upanga, hivyo watu wanawaita Mume na Mke Wenye Wivu. Imani ya pale ni kwamba mwenye chunjua akichovya pini katika maji ya mvua yaliyotuama kati ya wale wawili, akaigusisha chunjua na kuiacha pini papo hapo, basi pini ikipata kutu chunjua inakauka. Nilikuta pini nyingi sana, nyingine mpya zinang'aa, nyingine zimekuwa vumbi jekundu. Wageni hulipiga kaburi kwa mbali, sura zote mbili na mavazi yake ya fahari. Mimi niliinama nikapiga pini. Jaji yule amekwisha kuandikwa vitabuni. Lakini aliyeacha pini ya juzi hakuna atakayemwandika.

Ng'ambo ya mto kutoka hapo pana lango la shambani ambako ukipiga kelele, magofu hukurudishia sauti yako wazi kabisa. Wenyeji hupeleka watoto wao. Nilipokuwa peke yangu nilipiga "Hodi!" kwa nguvu zangu zote. Magofu yakajibu "Hodi!" Nikangoja, lakini karibu haikuja. Hilo kamera haiwezi, na nililiandika tu katika daftari.

Labda kuna anayejiuliza picha za namna hii zina kazi gani. Nijibu kwa habari za mtu mmoja aliyeitwa Robert French. Alizaliwa mwaka 1841, akawa polisi, kisha akaacha upolisi akaajiriwa na William Lawrence, mwenye duka la picha Dublin. Kwa miaka mingi, mpaka karibu na Vita Kuu ya Kwanza, French alizunguka Ayalandi nzima na kamera ya sanduku na sahani za kioo, akipiga miji ili picha ziuzwe kama kadi. Mwaka 1916, katika mapambano ya Pasaka, duka la Lawrence liliporwa na kuungua, na picha za watu zilizokuwa humo zikateketea. Sahani za miji zilipona kwa sababu zilihifadhiwa nyumba nyingine. Maktaba ya Taifa ya Ayalandi ilizinunua mwaka 1943. Ni kama 40,000, na Trim imo. Halafu mwaka 1990 na 1991 wapiga picha wa kujitolea wakarudi katika mahali 1,000 alipowahi kusimama French, wakapiga tena kutoka pale pale.

Namna ya kupata mahali alipokanyaga mtu miaka 100 iliyopita ni hesabu ya darasani tu. Tafuta katika picha ya zamani vitu viwili, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali, vinavyogusana: tuseme pembe ya ukuta wa ngome imegusa ukingo wa Mnara wa Manjano. Tembea mpaka nawe uvione vimegusana. Sasa umo katika mstari wake. Tafuta jozi ya pili upande mwingine wa picha. Mistari miwili ikikatana, hapo ndipo stendi yake ilipokuwa. Nilifanya hivyo siku nzima kwenye malisho ya Porchfields, na wenye mbwa wakanidhania mpima ardhi.

Ninachokishukuru kwa French ni vile ambavyo yeye hakuvijali. Yeye alitaka ngome, maana ngome ndiyo iliyouzika. Lakini sahani yake ilikuwa kubwa, hivyo pembeni paliingia vibanda, uzio, nguo zilizoanikwa, njia ya udongo isiyo na jina. Watu wanapozifungua picha zake leo, hawakawii kwenye ngome. Wanazikuza pembe.

Wenzangu mliosoma hapa mnaikumbuka njia ya mtoni. Ilianzia nyuma ya jiko, ikapita kwenye miembe, ikateremka mpaka kwenye mwamba tuliofulia nguo kila Jumamosi. Sidhani yupo kati yetu asiyeiota mpaka leo. Chama cha Picha kilikuwa na chumba cha giza karibu na maabara ya fizikia, na tulipewa filamu moja yenye picha 36 kwa muhula. Zote zilikwenda kwenye mahafali, michezo na wageni rasmi waliosimama mbele ya ukumbi huu. Ukumbi tunao. Albamu ya shule ina picha zake 41, nimezihesabu jana. Njia ya mtoni iliisha pale bomba la maji lilipofika na ua ukajengwa, na picha yake sijaona hata moja, si katika albamu wala kwa wazee wetu niliowaandikia. Kama kuna mwenye picha ya ndugu yake anafua, au ya timu inatoka kuoga, hata iwe imeungua mwanga, namwomba baada ya mkutano huu anione kabla hajapanda basi. Nataka kuitazama pembe zake.

Vijana wa Chama cha Picha cha sasa nimekabidhi kwa mkutubi bahasha yenye picha 40 za Trim. Nyuma ya kila moja nimeandika kwa penseli mahali niliposimama, tarehe na saa. Nimeacha pia kamera yangu ya filamu pamoja na filamu sita, na Mwalimu Mkuu amekubali kwamba wiki ijayo mtatoka mkapige ua, bomba, jiko la kuni kabla halijabomolewa, na njia mpya mnayopita kwenda uwanjani. Ukumbi uacheni kwanza.

 Naona mpishi amesimama mlangoni na chai.